Baiskeli nazo zipewe nafasi Kwa Mkapa

Nimesoma makala inayosema kwamba AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ikifika, mashabiki waache magari nyumbani waende Kwa Mkapa, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, kwa mabasi ya mwendokasi, na nakubaliana na mwandishi. Ila makala imegusia kwenda tu, wakati shughuli yenyewe iko kwenye kurudi. Uwanja unabeba watu 60,000, na siku ya Simba na Yanga filimbi ya mwisho ikilia wote wanamwagika barabarani kwa pamoja. Daladala inajaa kabla haijasimama, vijana wanapandia madirishani, kina mama wenye watoto wanabaki pembeni. Mabasi ya njia ya Mbagala yawe yameshapangwa kituo cha Uhasibu, karibu na uwanja, kabla mechi haijaisha, na yasiondoke barabarani mpaka watu waishe, hata ikiwa saa sita usiku.

Na baiskeli jamani! Mtu wa maeneo ya jirani kama Keko au Mtoni hahitaji basi kabisa. Anahitaji sehemu ya kufungia yenye mlinzi, apewe namba, aingie atazame mpira. Sasa hivi anaifunga kwenye nguzo, dakika 90 zote roho iko nje. Kipande kidogo tu cha maegesho ya magari kingetosha.