Weka Spana Chini Kwanza

Mteja wangu wa kwanza wa ushauri aliniita gereji kwake, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mwezi wa Mei. Uani palikuwa na Land Cruiser saba, nyingi za kampuni za utalii, mbili zikiwa bado zinasubiri kukatwa chesisi ili zirefushwe. "Injinia," akaniambia, "hii mashine ya kuchomelea ndiyo inaniangusha. Kazi hazitoki." (Mimi ni fundi sanifu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ingekuwa na neno la kusema, lakini Arusha ukijua kusoma mchoro tayari ni injinia.)

Nilikuwa nimevaa shati jeupe na nimebeba daftari. Nikaliweka daftari juu ya ndoo ya rangi, nikakunja mikono, nikainama. Baada ya saa mbili mashine ikawaka. Mzee akafurahi sana, akanipa elfu thelathini na soda baridi, akanisindikiza hadi getini. Kazi ya ushauri niliyokuwa nimekwenda kuiomba ilikuwa ya laki sita. Hatukuizungumzia kabisa.

Wanaouliza jinsi ya kutoka kwenye ufundi kwenda kwenye ushauri wa biashara huuliza kuhusu shahada, kadi za biashara, na wateja wanapatikana wapi. Mimi nasema ugumu uko mkononi. Mkono uliozoea spana hauwezi kuona kitu kibovu ukakiacha, na kila unapokigusa, bei yako inarudi kuwa ya fundi.

Isitoshe, mashine haikuwa tatizo la yule mzee. Aprili na Mei ni masika. Watalii wanapungua, na kampuni zinatumia nafasi hiyo kupeleka magari gereji ili yawe tayari kwa msimu mkubwa wa Julai hadi Oktoba. Maana yake gereji inapata kazi nyingi zaidi katika miezi ileile ambayo wateja wake hawana hela. Mzee ananunua springi, bolti, rangi na mabomba kwa mfuko wake, kila Jumamosi vijana wanasubiri posho, na malipo yanakuja Agosti kama yakija. Magari yalikuwa yamesimama kwa kukosa vipuri. Hata ningempa mashine tano mpya za kuchomelea, yangebaki palepale.

Kinachoniuma ni kwamba nilifanya kazi karakana za namna hiyo miaka kumi na moja. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser, naijua kwa mlio. Lakini sikuwahi kujiuliza nani analipa lini. Nilijifunza swali hilo kwa mke wangu, ambaye anauza vitenge na ana daftari lenye safu mbili tu: nimetoa lini, kimerudi lini. Baadaye nilisoma kozi ya jioni ya hesabu za biashara. Ilinisaidia, ingawa kwa sehemu kubwa ilikuwa daftari la mke wangu lenye majina makubwa.

Nilirudi kwa mzee wiki iliyofuata bila overoli kwenye gari, makusudi. Tukakubaliana mteja alipie vipuri kabla gari halijaguswa, na ufundi ulipwe baadaye kwa tarehe iliyoandikwa. Wateja wawili walikasirika wakahamia kwa jirani. Waliobaki walitosha. Akanilipa laki sita zangu, zikafika laki tano na elfu sabini. Nilidhani nimeibiwa, kumbe ni kodi ya zuio, asilimia 5, ambayo mlipaji anaikata na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Dai cheti chake, kwa sababu kitapunguza kodi yako ya mwaka. Ila nilicheka: elfu thelathini ileile ya kuchomelea.

Kwetu ushauri ni kitu cha bure. Unapewa na baba mdogo, na mzee wa ukoo, hata na mangi wa dukani unaponunua sukari. Fundi akilala chini ya gari unamwona anachafuka, unajua unalipia nini. Mshauri anakaa kwenye kiti chako, anakunywa chai yako, anakuuliza maswali, kisha anakudai. Ndiyo maana tunashawishika kujichafua kidogo ili tuonekane tunafanya kazi.

Rafiki yangu wa Moshi hakubaliani na mimi. Yeye anashauri vikundi vya wakulima wenye mashine za kumenya kahawa, na anasema huko mlimani huwezi kufungua mdomo kabla hujatengeneza pampu. Nakubali kwamba spana inafungua mlango. Lakini msimu wa kahawa simu yake inaita saa tano usiku, na anayepiga hataki kuulizwa gharama ya kilo moja. Anataka pampu.

Juzi nilipita tena Unga Limited. Mashine ya kuchomelea imekufa tena. Mzee akanitazama, akaitazama mashine, akanitazama. Nilijua ni nyaya. Harufu tu ilitosha. Nikampa namba ya kijana mmoja wa Sakina, tukarudi kwenye madeni ya Juni. Mikono iliniwasha mpaka nikafika soko la Kilombero.