Chora kivuli kwanza, umeme utatosha

Nyumba ya wageni ninayoijenga uani kwangu hapa Tanga imefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Vyumba viwili vya kulala, bafu moja, jiko dogo na baraza. Haitakuwa na mkaa wala mtungi wa gesi. Kila kitu umeme. Kila anayepita huniuliza swali lilelile: LUKU utaiweza? Naandika kwa sababu swali hilo huja limechelewa. Bili ya nyumba hii haiamuliwi na jiko. Iliamuliwa siku ya ramani, tulipochagua paa, upenu (ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta) na upande wa madirisha.

Aliyenisukuma ni mama. Anaishi Lushoto, ana pumu, na akishuka huku pwani hulala chumba cha nyuma kinachopakana na korido ya jikoni. Miaka miwili iliyopita tuliinjika maharage usiku, mvua ikaja, tukaliingiza jiko la mkaa koridoni lisilowe. Saa nane nikamsikia akikohoa, kisha akanyamaza, na kimya kile ndicho kilichonitoa kitandani. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, anaitafuta pumzi. Tulifika hospitali, akahudumiwa, akapona. Asubuhi nilipoingia kutoa mashuka, mto wake ulikuwa unanuka moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Takwimu kama hizo nilikuwa nazisikia redioni siku zote, ila sikuwahi kuzihusisha na korido yangu.

Wengi wananiambia weka gesi, inatosha. Gesi ni nafuu kubwa kuliko mkaa, na serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi; gesi imo humo kihalali kabisa. Lakini mwali wa gesi nao hutoa hewa ya naitrojeni dayoksaidi, ambayo huchokoza njia ya hewa ya mwenye pumu, na jiko langu litakuwa hatua nne kutoka kitandani. Halafu mgeni ni mgeni. Sitaki alale na mtungi asiojua vizuri jinsi ya kuufunga.

Sasa paa, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtindo uliotawala mjini ni nyumba ya kontempori yenye paa la kuficha: kuta zimepanda juu, bati limefichwa nyuma yake, upenu hakuna. Kwenye picha inapendeza. Kwa pwani yenye jua hili na mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, mimi naiona ni makosa. Ukuta unachomwa mchana kutwa, mvua ya masika inaupiga ubavuni, maji yanaingia kwenye nyufa na baada ya miaka michache kona za chumba zinaota ukungu. Mwenye pumu analala na ukungu huo. Nenda kwenye nyumba ya namna hiyo saa tatu usiku, uweke kiganja kwenye ukuta wa chumba unaotazama machweo. Utaukuta una joto kama ubavu wa chungu kilichotoka motoni, na joto hilo litaendelea kutoka hadi karibu na alfajiri. Hapo ndipo mtu ananunua kiyoyozi, kisha analalamika uniti zinakimbia.

Yangu ina paa la mgongo, bati la rangi nyeupe, dari chini yake, na matundu ya kupumulia katikati. Fundi wangu alitaka bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee kwa sababu halionyeshi vumbi. Ni kweli halionyeshi, lakini linameza jua. Nyumba nimeilaza mashariki kwa magharibi, madirisha yote makubwa yakitazama kaskazini na kusini. Tanga iko nyuzi kama tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima. Hata mwezi Juni, linapoinamia kaskazini, upenu wa sentimita 90 hutia kivuli zaidi ya mita moja na nusu ya ukuta. Jua la jioni ndilo lisilozuilika kwa upenu, linaingia chinichini, basi upande wa magharibi nimeweka bafu na stoo. Vikiungua, viungue vyenyewe.

Na upepo tunao wa bure. Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na kila chumba kina dirisha pande mbili ili upepo uingie huku utokee kule. Nimekataa madirisha ya alumini ya kusukuma kwa sababu hata ukiyafungua yote, nusu ya tundu inabaki imezibwa na kioo. Nimeagiza ya mbao yenye mbavu za kulala, yanafunguka yote, na wavu wa mbu kwa ndani. Wavu huohuo unaziba ule mwanya kati ya ukuta na paa, njia inayopendwa sana na mbu wa malaria. Kule vijijini Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa kwa ajili ya jambo hili hili: watu walale juu, kuta za wavu zipitishe hewa, mbu wabaki nje. Ghorofa siiwezi, lakini wavu na hewa naviweza.

Jikoni kulikuwa na mjadala mrefu zaidi na mama. Desemba alipokuja nilizima friji na kila kitu nyumba kubwa, nikasoma mita, nikaweka maharage yaliyolala majini kwenye sufuria ya presha ya umeme.

“Mwanangu, haya yataiva kweli bila moto?”

“Yataiva mama, subiri.”

Yaliiva chini ya saa moja. Mita ilikuwa imekula uniti 0.4. Kwa shilingi kama 350 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 140. Mama akabonyeza punje moja kwa vidole, ikapondeka, akaondoka na bakuli lake bila kusema neno. Siku ya pili alitaka nimwonyeshe kitufe.

Pembeni ya presha kutakuwa na jiko la indakisheni la sahani mbili, linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Hapa angalia jambo moja: sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi juu yake. Nenda sokoni na sumaku. Chombo kisichonasa sumaku kiache.

Maji ya kuoga hayanisumbui. Tangini huku pwani yanashinda na nyuzi 27 hivi. Kufikisha lita 30 kwenye nyuzi 38 hakufiki hata nusu uniti. Hita ya papo hapo inatosha, mradi ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, ethi ya kweli (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), na kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Hapo sibani hela hata kidogo.

Nikijumlisha friji, mapangaboi mawili ya wati 35, taa, mapishi na maji, napata kama uniti tano kwa siku nyumba ikiwa na watu. Kiyoyozi kidogo kimoja kingeweza kula kiasi kama hicho usiku mmoja tu. Umeme kukatika ni lazima. Hata na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, nguzo ikianguka mtaani giza ni giza. Kwa hiyo nimeacha nafasi ya betri na ya paneli nne juu ya bati, na mabomba ya waya yamekwishapita ukutani. Kwa matumizi madogo hivi, betri yake ni ya kununulika. Rangi za ndani ni chokaa na ya maji isiyo na risasi. Kabati ni mbao tupu. Zile za unga wa mbao na gundi zinanuka miezi.

Alhamisi anakuja fundi bati. Jana alinipigia simu, akaniomba tupunguze upenu uwe sentimita 60, tutaokoa bati kadhaa. Nimemwambia bati hizo nitazilipia, apige 90 kama ilivyo kwenye ramani.