Kabla Kware Haijafukiwa

Mtaa wa Kware, Embakasi, Nairobi, umebeba jina la kazi iliyouzaa. Kware hapa si ndege, ni machimbo ya mawe. Siku hizi shimo lenyewe ni jaa la taka, na suala lake likizuka jibu la wengi ni moja: lifukiwe, watu wajenge.

Wanaosema hivyo wana haki. Julai 2024 miili ya wanawake iliopolewa humo ikiwa ndani ya magunia. Mzazi anayelala ukingoni hana haja ya mhadhara wa historia, anataka shimo lizibwe. Dandora, mtaa mwingine wa Nairobi, nayo ilikuwa kware. Ikageuzwa jaa 1975, ikatangazwa kujaa 2001, na malori yangali yanamwaga.

Lakini wanaotetea kumbukumbu ya machimbo hawaombi shimo liachwe wazi, na hapo ndipo wasipoeleweka. Papasa ukuta wa nyumba ya zamani ya mawe Eastlands. Jiwe lililochongwa kwa mkono lina mistari mifupi ya patasi, mingine imekwenda mshazari pale mkono ulipochoka. La mashine lina mikwaruzo ya msumeno iliyofanana mwanzo hadi mwisho. Fundi mmoja mzee wa Njiru aliligusa jiwe kama hilo akaniambia, "Huyu alitumia kushoto, kijana wangu." Akiondoka yeye, nani atalisoma?

Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Mwaka huo unanikosesha raha. Reli ilifika Nairobi 1899. Maana yake mji mzima, pamoja na kila nyundo na mtaimbo ulioupasulia mawe, umechelewa kwa miaka minne. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kuwa kinalindwa, naam, lakini hutangaza alicholetewa. Nyundo ya mchonga mawe haina wa kuipeleka kwake. Huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.

Kwa hivyo kware na ifukiwe. Ila kabla lori la kwanza halijamwaga udongo, wachonga mawe walio hai warekodiwe sauti zao, na japo mita chache za ukuta wa shimo ziachwe na alama za mitaimbo. Hapo hapo yaandikwe majina ya waliopatikana humo 2024, familia zao zikiridhia.