Oili ya kukisia inaua injini zetu

Jamani wenye boti wa Kibirizi, hapa Kigoma, hii tabia ya kumimina oili kwa macho inaniuma. Injini zetu hizi za stroku mbili hazina oili yake pembeni, zinategemea ile iliyochanganywa kwenye petroli. Yangu ya zamani inataka hamsini kwa moja: lita 25 za petroli, nusu lita ya oili. Basi! Kijana wangu akakisia, "Inatosha hiyo, mzee." Usiku, katikati ya ziwa, pistoni ikang'ang'ania ndani ya silinda. Tulipiga kasia hadi kumekucha, tunafika mwaloni wachuuzi wa dagaa wameshaondoka. (Wanaozidisha nao wanajaza plagi masizi.) Na chupa tupu za maji za nusu lita, kipimo tosha cha oili, zimezagaa pale pale mwaloni!