Hema Moja, Wajuzi Mtaa Mzima

Sasa hivi, ninavyoandika, kuna mzee wa nyumba ya tatu amesimama getini kwangu, mikono ameifunga nyuma, anaikagua pikipiki yangu huku anatikisa kichwa. Nimempa shikamoo, hakuitikia. Alikuja kutikisa kichwa tu. Alipomaliza kukitikisa akaniuliza: "Kwani Lushoto hakuna gesti?"

Zipo. Najua zipo. Lakini mimi ni mtu mzima mwenye leseni, nina pikipiki ya cc 150 ambayo mkopo wake nimeumaliza, sikukuu ya Saba Saba imeungana na wikiendi, na nimeamua kwa akili zangu timamu kwenda na hema Lushoto, milimani huko Tanga, kulala chini. Kosa liko wapi? Watu wanalala chini kwenye misiba wiki nzima, na sijasikia mtu akiwauliza habari za gesti.

Mnajua wenyewe jiji lilivyo. Ukinunua kitanda hakuna anayegeuka. Nunua hema uone.

Hilo hema nililifuata Kariakoo, na nilikwenda na karatasi. Juu nimeandika VIFAA kwa herufi kubwa, nikapigia mstari kwa rula. Hema: lisizidi kilo tatu, na likikunjwa lilale juu ya keria bila kutoa pembe kulia wala kushoto, maana mzigo ukishauzidi usukani kwa upana, daladala ya kwanza tu itakukumbusha. Nikajiona msomi. Nikaingia uchochoro mmoja, kijana akanidaka kabla sijafungua mdomo.

"Bosi wangu! Ingia, hata kama hununui ingia upoe."

"Una hema la watu wawili?"

"Lipo la wanne."

"Nimesema wawili."

"La wanne ndiyo la wawili hilo, bosi. Kule kiwandani wanahesabu watu waliolala ubavu."

Hapo nikamheshimu, kwa sababu ni kweli tupu. Hema lililoandikwa watu wawili linamtosha mtu mmoja, begi lake na kofia yake ngumu, na kofia ndiyo inakaa upande mzuri. Akazama ndani, akatoka na kitu cha duara, chembamba, kipana kuliko sinia la pilau la harusini.

"Hili halina fito, halina kazi. Unarusha, linajijenga lenyewe."

Nikamweleza kwa utulivu kwamba mimi nasafiri kwa pikipiki, na duara la upana ule likifungwa nyuma linageuka tanga. Upepo wa pale Chalinze ukinikuta njia panda, hautaniuliza naelekea Morogoro au Tanga, utachagua wenyewe. Akaniambia, "Ngoja kwanza uone," na akaivuta kanda iliyokuwa imelibana.

Jamani.

Lile hema halikufunguka, lililipuka. Nyaya zile za chuma zilikuwa zimekaa na hasira tangu zilipopandishwa meli. Kona moja ikapangusa meza ya soksi, nyingine ikamvua mzee mmoja baraghashia, na sehemu kubwa iliyobaki ikatua juu ya benchi la mama lishe, ambako mteja alikuwa katikati ya wali maharage. Tukamtafuta kwa macho, hayupo. Kumbe yuko ndani ya hema na sahani yake. Na alikuwa anaendelea kula. Kijiko tulikuwa tunakisikia.

"Umeona?" kijana akasema. "Sekunde mbili."

Nikamwambia nimeona, likunje. Hapo ndipo uso wake ukabadilika. Akalizunguka. Akalishika huku, likainuka kule. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwenzake. Yule mzee wa baraghashia, akiwa bado hajavaa, akaanza kuamuru: "Pinda namba nane! Namba nane, nyie vijana, halafu ibane chini!" Na alikuwa sahihi, hema za aina hii hukunjwa kwa kuzipindua hivyo hivyo, lakini hapa kwetu ukiwa sahihi bila kuwa na duka hakuna anayekusikiliza. Msichana wa vifuniko vya simu akatafuta video ya mafundisho, akaipata, ikawa ya Kichina, na watu wakaifuatilia kwa makini wakiitikia kwa vichwa. Nyuma yetu mkokoteni wa mazulia ukafika, mwenyewe anapiga kelele, "Pisha mzigo! Nani kajenga barabarani?" Nikajikuta nimeshikishwa kona moja ya hema. Mimi, mteja, na karatasi yangu yenye mstari wa rula.

Walipofanikiwa kulilalia watu wanne mpaka likasalimu amri, mama lishe akasimama na upawa wake mkononi. "Mteja wangu yuko wapi?" Benchi tupu. Sahani ipo, safi. Mtu alishamaliza, akafungua zipu ya upande wa pili, akaenda zake.

"Lina milango miwili," muuzaji akaniambia, kwa fahari.

Ule wali nililipa mimi. Mtaa mzima uliamua hivyo, kwa sababu eti hema lilifunguliwa kwa ajili yangu. Na nikanunua hema jingine palepale, la kawaida, la fito mbili na vigingi vyake, linalokunjika likawa fupi kuliko mkono. Bei siitaji, mama watoto anasoma.

Begi la kulalia nililipata mitumbani, Karume. Limeandikwa digrii tano. Muuzaji akasema hiyo ni idadi ya mifuko. Haya mabegi yana namba ya baridi ya kulala usingizi na namba ya baridi ya kutoganda tu, na wenye kuyatengeneza wanapenda kuiandika kubwa hiyo ya pili. Sasa Lushoto iko juu mita kama 1,400, mwezi wa saba, na mimi ni mtu wa Dar, digrii ishirini zikifika naulizia sweta la mkwe. Kwa hiyo nimeongeza blanketi. Na kipande cha sponji cha kutandika, kwa sababu baridi ya hemani haishuki kutoka juu, ardhi ndiyo inayokunyonya joto usiku kucha. Jiko: mama watoto alinishauri nibebe mtungi wetu wa kilo sita. Tuendelee.

Kufunga mzigo nilifunga mwenyewe. Vizito chini na karibu na mimi: maji, spana, tyubu ya akiba, chungu. Vyepesi juu. Ukirundika uzito nyuma ya tairi la nyuma, la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na zile kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto hazihitaji usukani unaocheza, zinacheza zenyewe vya kutosha. Nikamaliza, nikarudi hatua mbili nyuma nitazame kazi yangu. Kijana wa kijiwe cha bodaboda akawa ameshafika.

"Mzee baba, hii si kufunga. Hii ni kuegesha."

Akafungua vyote. Akatoa mipira yake ya tyubu iliyochanwa, akaanza kuvuta huku ananisimulia alivyobeba kabati la milango mitatu kutoka Keko mpaka Mbagala, kioo kikiwa kimetazama mbele, na hakikupata hata mkwaruzo. Nikamweleza habari ya tairi la mbele. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa abiria atakaa wapi?" Hakuna abiria, nikamwambia. Akasimama kabisa na mpira mkononi. "Unaenda Tanga yote hiyo kiti cha nyuma hakina mtu?" Niliona machozi yakimlengalenga.

Na ni kana kwamba alitangaza redioni. Shangazi wa Korogwe akapiga simu: "Mwanangu, si unapita hapa? Nisogezee ile cherehani yangu." Cherehani! Ya chuma! Mhasibu wa kazini kwetu anataka viazi, debe moja tu. Shemeji anataka kabichi, ila zisibonyee. Mpangaji wa uani kaniletea bahasha na mfuko wa sukari wa ndugu yake aliyeko Soni, tena kaufunga vizuri kabisa. Nauliza kwa heshima zote: hivi mtu hawezi kubeba mzigo wake peke yake hata mara moja? Mwaka mzima nabeba ada, nabeba kodi, nabeba michango ya harusi za watu nisiowajua sura. Nataka siku nne tu za kubeba sponji langu. Siku nne! Nilisema hivyo kwa sauti, na mzee wa getini akatikisa kichwa tena.

Halafu kuna chupa ya chai. Mama watoto hakubali niondoke bila chupa ya chai, na si ya chuma, ni ile ya maua, yenye kioo ndani. Kioo, kwenye pikipiki. Nimekubali, maana ndoa nayo ina matuta yake. Lakini ngoja kwanza: kifuniko kiko wapi? Hivi kuna nyumba hapa mjini yenye chupa ya chai na kifuniko chake cha asili? Sisi yetu tunaiziba kwa gunzi la nailoni. Nimeambiwa kifuniko kilibaki kwenye msiba wa ng'ambo ya barabara, nikifuate, na kwa kuwa nakwenda huko na pikipiki niwarudishie viti vya kamati, sita tu, vya plastiki, vinaingiliana.

Yule kijana wa kijiweni kasikia neno viti. Huyo anakuja na mipira yake.