Kanuni ya Kutosimama Katika Mashindano ya Klabu ya Trayali

Katika mchezo wa pikipiki uitwao trayali, mshindi si yule anayefika wa kwanza. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio vya pikipiki nyepesi isiyo na kiti cha maana, akaipitisha katika vipande vifupi vya ardhi ngumu vilivyowekewa mipaka: majabali, mizizi yenye utelezi, vijito, miteremko ya matope. Kila kipande kina mwangalizi wake mwenye kadi. Aliyepita bila kugusa chini hapotezi kitu. Mguu ukigusa mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, mara tatu na kuendelea ni 3. Aliyeanguka, aliyetoka nje ya mipaka au aliyerudi nyuma huandikiwa 5. Mwenye pointi chache kuliko wenzake mwisho wa siku ndiye mshindi. Hadi hapo vilabu havina ugomvi. Ugomvi huanza pale pikipiki inapotulia katikati ya kipande, mwendeshaji akiwa bado amesimama imara juu yake na miguu haijagusa popote: je, amekosa, na kama amekosa, alipe kiasi gani?

Kwa kanuni ya kutosimama, amefeli na anaandikiwa 5, sawasawa na aliyeanguka. Kwa kanuni ya kuruhusu kusimama, hajakosa lolote. Anaweza kutulia, kupumua, kurusha gurudumu la nyuma pembeni ili kuielekeza pikipiki upya, kisha akaendelea, mradi asirudi nyuma wala asipitishe muda uliowekwa. Wanaoitetea kila moja huzungumza kana kwamba jambo lenyewe ni ustadi wa mwendeshaji tu. Kwa mashindano makubwa huenda ikawa hivyo. Kwa klabu ya watu wanaoshindana siku ya mapumziko na kurudi kazini kesho yake, naona suala ni jingine: kanuni ipi huzaa vipande vya namna gani, na nani anayebebeshwa mzigo wa kuisimamia.

Historia iko upande wa wanaokataza kusimama. Mchezo huu ulitokana na majaribio ya uimara wa pikipiki yaliyofanyika Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati chombo kilichopanda kilima kirefu bila kusimama kilikuwa kimejithibitisha mbele ya wanunuzi. Scottish Six Days Trial, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1909, na Scott Trial ya Yorkshire, iliyoanza 1914, zimetoka katika mazingira hayo. Kusimama kulikuwa kushindwa kwa maana ya kawaida kabisa, kwa mashine na kwa mtu. Mambo yalibadilika taratibu. Pikipiki zilipungua uzito, na katika miaka ya 1980 Jordi Tarrés wa Hispania, aliyelelewa katika mchezo huohuo kwa kutumia baiskeli, aliingia na mbinu za kutulia na kurukaruka akiwa palepale, akatwaa ubingwa wa dunia mara 7 kati ya 1987 na 1995. Tangu hapo kijana yeyote anayeanza mchezo huu anataka kurukaruka kabla hajajua kukata kona.

Hoja ya mwanzo ya wanaoruhusu kusimama ni nzito, na wapinzani wao huipita haraka mno. Wanasema kanuni inayomtaka mtu asiyelipwa, aliyesimama mvuani saa nne mfululizo, aamue kama pikipiki ilitulia kwa nusu sekunde, ni kanuni inayotungwa ili ivunjwe. Mwangalizi wa klabu kwa kawaida ni mzazi wa mshindani, mkongwe aliyeacha kushindana kwa sababu ya magoti, au mwanachama aliyeombwa jana usiku baada ya mwingine kuugua. Mwendeshaji anapofika kwenye mzizi mkubwa, tairi la nyuma linazunguka bila kushika, pikipiki inasita, kisha inanasa na kusonga. Mwangalizi aliye nyuma yake ameona tairi likizunguka muda wote, kwa hiyo machoni pake chombo hakikusimama. Aliye pembeni ameona gurudumu la mbele likiganda. Mmoja angeandika 0, mwingine 5, na wote wawili ni waaminifu.

Lipo jambo baya zaidi ya tofauti ya macho, nalo ni huruma. Mwangalizi anayemfahamu mwendeshaji, anayejua amelipa ada, ameamka alfajiri na kwenye mzunguko huu amekwisha kupata 5 mbili, huona uzito kumwongezea ya tatu kwa kusita kidogo. Anaandika 1, anamtabasamia, anamwambia aende. Kipande kinachofuata kina mwangalizi mkali asiyemsamehe mtu. Matokeo ni kwamba kanuni imeandikwa kwenye karatasi ilhali uwanjani kila kipande kina sheria yake, na anayeumia ni yule aliyejizuia kusimama kwa sababu alidhani kanuni inatekelezwa. Panaporuhusiwa kusimama, mwangalizi huhesabu miguu, hutazama mipaka, hutazama kama chombo kimerudi nyuma. Hayo mengi yanaonekana kwa jicho la kawaida na ni vigumu kubishania.

Mwaka 2013 Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, lilirudisha kanuni ya kutosimama katika mashindano ya dunia, na malalamiko kuhusu waangalizi kutolingana yakafuata kila pembe. Wanaopenda kusimama hutumia kisa hicho kama ushahidi: ikiwa wakubwa wenye maofisa waliofunzwa walitatizika, mzazi mwenye mwavuli atafanyaje? Ni swali zuri. Ila kisa hichohicho kina upande wa pili usiotajwa sana. Toni Bou, ambaye ametwaa ubingwa wa dunia kila mwaka tangu 2007, alishinda kabla ya badiliko, akashinda 2013, akaendelea kushinda baada yake. Kanuni haikubadilisha aliye bora. Kwa hiyo wale wanaosema kutosimama hupindua matokeo, na wale wanaosema kuruhusu kusimama ndiko hupata bingwa wa kweli, wote wanapaswa kupunguza sauti.

Kilichobadilika, na kinachobadilika hata zaidi kwenye klabu, ni vipande vyenyewe. Mtu anayeruhusiwa kutulia na kujipanga upya hapotezi pointi kwenye kona ya mteremko yenye majani mabichi. Atasimama, atarusha gurudumu la nyuma hadi lielekee anakotaka, ataondoka. Ili kumtoa pointi, mpangaji wa vipande analazimika kutafuta kitu kirefu zaidi: ngazi ya jabali inayofika kifuani, gogo juu ya gogo, kona iliyobanwa hadi haipitiki kwa kuviringika. Kutosimama humrudishia mpangaji silaha ndogo ndogo. Mawe matatu yenye ukoko wa kijani ndani ya kijito, mzizi uliokaa mshazari, kupanda kidogo baada ya kona kali ambapo huna nafasi ya kuongeza mwendo: hivyo vinatosha kuwatenganisha watu ishirini wazuri, na anayeshindwa hapo analowa viatu tu. Kwa mchezo ambao sehemu kubwa ya wachezaji wake wana kazi, familia na mgongo wa kuutunza, tofauti hii kwangu ni kubwa kuliko zote.

Nimesikia jibu la upande wa pili, nalo si dhaifu. Siku hizi klabu huweka njia kadhaa ndani ya kipande kimoja, kila njia na rangi ya alama zake, hivyo kumbana bingwa wa klabu hakumlazimishi anayeanza kupanda jabali lilelile. Tena, wanasema, kusimama ni usalama: aliyepotea njia akiwa juu ya mwamba na anajua kusimama kunamgharimu 5 ataendelea kukaza mafuta pale ambapo busara ingemtaka atulie. Hoja ya njia nyingi naikubali nusu, kwa sababu kila njia ya ziada ni kazi ya ziada kwa mtu yuleyule anayebeba vigingi na utepe siku ya kabla. Hoja ya usalama naikubali kwa vipande virefu na vya hatari, ambavyo ndivyo hasa kanuni ya kuruhusu kusimama huvizalisha. Kwenye kijito cha mawe madogo haina uzito huo.

Kuhusu wanaoanza, pande zote mbili hudai kuwatetea. Ni kweli kwamba kadi iliyojaa 5 humvunja mtu moyo, na anayeanza husimama sana. Lakini kutosimama kuna neema yake: anayesukuma kwa miguu yote miwili, kama anayepiga makasia, mradi pikipiki inasonga, hupoteza 3 tu hata akigusa chini mara kumi. Humfundisha mapema kwamba mwendo mdogo usiokatika, vidole viwili kwenye klachi na breki, macho yakitazama mbali kuliko gurudumu, ndio msingi wa mchezo. Kutulia na kurusha pikipiki ya kilo 70 kwa nguvu ya miguu na klachi ni ustadi mzuri, ila unachukua miaka, unahitaji mwili wa kijana, na hauwezekani kabisa kwa mwenye pikipiki ya zamani yenye shokapu mbili nyuma, ambayo huweza kufika kilo 90 au zaidi na ambayo klachi yake hulalamika ikishikiliwa muda mrefu. Klabu nyingi zina wanachama wa namna hiyo, na ndio mara nyingi wanaojitokeza kupanga vipande.

Halafu kuna saa, jambo ambalo halina utamu wa kubishania lakini huamua mengi. Chukulia mashindano ya vipande 10 yanayozungukwa mara 4 na washindani 60: kila kipande kitapitwa mara 240. Kila mtu akitumia sekunde 30, kipande kinatumika kwa saa 2. Kila mtu akitulia na kujipanga hadi dakika moja na nusu, ni saa 6, na foleni nje ya utepe itakuwa ndefu kuliko kipande chenyewe. Ndiyo maana kanuni ya kuruhusu kusimama haiwezi kuishi bila kikomo cha muda, na kikomo cha muda kinamtaka mwangalizi ashike saa pamoja na kadi, apulize filimbi, abishane kuhusu sekunde. Ule wepesi wa kazi tuliousifu hapo juu unapungua.

Kwa hesabu hizo mimi niko upande wa kutosimama kwenye klabu. Siwezi hata hivyo kuitetea kwa bei yake ya sasa. Kinachowakera watu, nikisikiliza vizuri, si katazo. Ni kwamba kusita kwa nusu sekunde, kosa ambalo hata jicho zuri halina hakika nalo, linalipiwa sawa na kuanguka chini na pikipiki juu yako. Bei hiyo ndiyo inayomtia mwangalizi huruma, na huruma ndiyo inayoiua kanuni. Pendekezo linalonivutia ni kuhesabu kusimama bila kugusa chini kama mguu mmoja, yaani pointi 1 kila mara, na kuiacha 5 kwa anayesimama huku mguu uko chini. Mwangalizi akikosea, amekosea kwa 1, na ataandika bila moyo mzito. Mwenye ustadi wa kurukaruka anaweza kuutumia akihitaji, akaulipia. Mpangaji bado anayo kona yake ya majani, kwa sababu kutulia hapo si bure.

Pendekezo hili lina udhaifu wake. Linamtaka mwangalizi ahesabu vitu viwili kwa pamoja, miguu na visito, na kwa mwendeshaji anayesitasita kwenye kila jiwe hesabu itavurugika haraka. Kwa hiyo jumla lazima ikomee 3, kama ilivyo kwa miguu. Vijana wanaolenga mashindano yanayoruhusu kusimama watasema klabu inawafundisha nusu ya mchezo. Hao wanastahili siku zao za mazoezi, na pengine raundi moja au mbili kwa msimu zenye kanuni nyingine, ila sioni kwa nini msimu mzima wa watu wazima upangwe kwa kuwafuata. Na klabu iliyo chini ya shirikisho la taifa haina uhuru wa kujitungia lolote. Itaangalia kwanza kanuni za shirikisho zinaruhusu nini, kisha iandike chaguo lake katika kanuni za nyongeza za mashindano kabla mtu hajajiandikisha.

Kanuni yoyote itakayochaguliwa, lile tatizo la tairi linalozunguka halitaondoka lenyewe. Ningeitaka klabu iseme wazi kwamba mwendo hupimwa kwa ekseli ya mbele, na kwamba mwangalizi asimame pembeni ya mahali pagumu, aitazame ekseli hiyo dhidi ya kitu kisichosogea kilicho nyuma yake, shina la mti au ncha ya mwamba. Ekseli ikiganda, chombo kimesimama, hata kama tairi la nyuma linarusha matope hadi kwenye kadi. Dakika tano za kulionyesha hilo kwa pikipiki halisi mbele ya waangalizi wote, asubuhi kabla ya mshindani wa kwanza kuondoka, zitapunguza mabishano kuliko kurasa za ufafanuzi.