Mpira kifuani si lazima uwe wa kwanza

Mdogo wangu ana miaka 22, mrefu, mwembamba, na kabla ya mwaka jana hakuwahi kulazwa. Alikuwa anafua nguo uani alipohisi kichomi cha ghafla upande wa kulia wa kifua, kikapanda hadi begani. Hospitali alikwenda kwa bodaboda, akashuka na kutembea mwenyewe, akajieleza bila kuhema. Picha ikaonyesha hewa imevuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu limesinyaa.

Haikupita saa moja, mpira wa kutolea hewa ulikuwa umepitishwa kati ya mbavu zake, ncha ya pili imezamishwa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Alikaa nao siku sita. Kukohoa kilio, kugeuka kilio. Mimi nilikuwa naangalia mapovu kwenye ile chupa kwa hofu, mpaka nesi aliponieleza kwamba yakikoma ndipo tutajua tundu la pafu limeziba.

Simlaumu daktari, ndivyo wengi walivyofundishwa: hewa ikiwa nyingi, itoe. Lakini naamini mdogo wangu angeweza kuachwa bila mpira, na ningependa ndugu wa wagonjwa wajue kwamba hilo linawezekana.

Januari 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Australia na New Zealand kwa watu 316 wa miaka 14 hadi 50, wote pafu limesinyaa kwa kiasi kikubwa bila ajali wala ugonjwa wa mapafu unaojulikana. Nusu waliwekewa mpira. Nusu waliangaliwa saa nne au zaidi, wakapigwa picha tena, na aliyeweza kutembea bila shida akarudi nyumbani na dawa za maumivu. Baada ya wiki nane, mapafu yalikuwa yamefunguka kwa takriban 94 kati ya kila 100 walioachwa, na 98 kati ya 100 wa mpira. Baadhi ya wagonjwa hawakurudi kupimwa, na watafiti wenyewe walikiri kuwa hilo linapunguza uzito wa hesabu hiyo. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ndani ya mwaka mmoja, tatizo liliwarudia 17 kati ya 100 wa mpira, na 9 tu wa wale walioachwa.

Ndiyo, kama 15 kati ya 100 walioachwa waliishia kutolewa hewa baadaye. Kwa hiyo kuangaliwa si kutelekezwa. Mgonjwa anayeishi mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka penye mashine ya picha, mimi nisingekubali arudishwe nyumbani. Na mwenye makovu ya kifua kikuu, au mzee ambaye sigara imemmaliza mapafu, huyo hana akiba ya pumzi. Mpira ni haki yake. Anayetweta, midomo imebadilika rangi na presha inashuka, anachomwa sindano ya kutoa hewa papo hapo, picha baadaye.

Kati ya kusubiri na mpira ipo njia ya kunyonya hewa kwa sindano. Maumivu yake ni machache, ila isipofaulu mpira unafuata. Upasuaji, mara nyingi wa matundu madogo kwa kamera, ndio unaozuia vizuri zaidi tatizo lisirudi, na kwa anayezamia na mitungi ya hewa, kama vijana wa Unguja na Mafia, ushauri ni aache kazi hiyo moja kwa moja isipokuwa amefanyiwa upasuaji wa namna hiyo pande zote mbili za kifua, na vipimo vya mapafu baadaye vikawa sawa.

Mdogo wangu hazamii, lakini alikuwa anavuta sigara, na sigara huongeza hatari hii mno. Ameacha, mwezi wa saba huu. Tunakaa karibu na hospitali. Pafu likisinyaa tena, nitamwomba daktari aanze na kumtazama anavyopumua, halafu atuandikie barua ya kumwona daktari wa upasuaji wa kifua.